UZI: Mkate mtamu wa tufaha na mdalasini kwenye jiko la mkaa, kwa asali yetu ya Tabora

Mama Mizinga

Habari za jioni wakuu. Kuna mtu ameuliza kule kwenye uzi wa keki: kwa nini mkate wa tufaha na mdalasini ukiokwa nyumbani juu unashika rangi nzuri, ukikata katikati unakuta tope? Nimeanza kumjibu palepale, jibu likawa refu, nikaona nifungue uzi wake. Mimi nipo Tabora mjini, naoka kwa mkaa na naoka kwa kuuza. Mwenye oveni ya umeme naye asome, ila kazi yake ni nyepesi zaidi.

Tatizo ni maji. Tufaha bichi takriban asilimia 85 ya uzito wake ni maji. Ukimenya na kukatakata matufaha mawili ya wastani ukayatia kwenye rojo, umetia zaidi ya gramu 200 za maji ambayo macho hayayaoni. Juu ya hapo mapishi mengi yanakwambia ongeza kikombe cha maziwa. Unga gani utabeba yote hayo? Juu panakauka na kubadilika rangi mapema, mpishi anadhani umeiva, anaepua, kumbe ndani bado rojo.

Kwa hiyo mimi mkate huu siutii maziwa wala maji hata tone. Majimaji yake yote yatoke kwenye tufaha, mayai na asali. Ukishika hilo, mengine ni kuzoea moto.

Vipimo vya mkate mmoja, tini ya sentimita 23 kwa 13: unga wa ngano gramu 250 (vikombe viwili vya kupimia), beking pauda kijiko cha chai kimoja na nusu, baikaboneti nusu kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, mdalasini wa unga vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, kungumanga ya kukwaruza kidogo tu. Mayai mawili. Asali nusu kikombe, kama gramu 170. Sukari robo kikombe. Mafuta ya alizeti nusu kikombe. Matufaha mawili ya wastani. Ndimu nusu.

Tuanze na matufaha. Yanayouzwa hapa mjini mengi yanatoka Afrika Kusini, yale yenye kibandiko, na ganda lake limepakwa nta ili ling'ae. Yaoshe kwa maji ya uvuguvugu na uyasugue. Yapo pia ya kwetu, ya Lushoto na Njombe. Mtufaha unataka miezi ya baridi kali ndipo utoe maua vizuri, ndiyo maana unastawi kule milimani na si huku kwetu. Kwa kuoka chagua tufaha gumu lenye ukali, la kijani likipatikana ndilo bora. Jekundu lililoanza kuwa na unga unga ndani litayeyuka lote, na utamu wake ukikutana na asali mkate unachosha mdomo.

Menya yote mawili. Moja likwaruze kwa kikwaruzio cha karoti, tundu kubwa. La pili likate vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya hindi, au hindi mbili. Lile la kukwaruza linayeyukia ndani ya mkate na kuufanya laini hadi siku ya pili. Vile vipande ndivyo mlaji anavyokutana navyo kwenye meno akajua hili ni tufaha. Kamulia ndimu upesi yasigeuke rangi, maana tufaha likikatwa tu hewa inaanza kulifanyia kazi.

Vipande vile vya kukatwa nyunyizia kijiko kimoja cha unga kutoka kwenye ule uliopima, uvigeuze geuze. Vitashikana na rojo badala ya kushuka vyote chini.

Sasa rojo. Chekecha unga na vikavu vyote kwenye bakuli moja. Bakuli lingine piga mayai, asali, sukari na mafuta hadi vichanganyike vizuri, kisha tia tufaha la kukwaruza pamoja na maji yake. Mimina vibichi kwenye vikavu, geuza kwa mwiko kutoka chini kwenda juu. Ukiona unga mkavu umepotea, acha! Hapa ndipo wengi wanapopiga kama wanapiga chapati za maji. Unga wa ngano ukipigwa sana unavuta, mkate unatoka mgumu na wenye mashimo marefu. Malizia na vile vipande. Rojo lake ni zito, linadondoka kwenye mwiko kwa mabonge, halitiririki. Ukiliona hivyo usiogope ukakimbilia maziwa.

Kuhusu mdalasini: nunua wa magamba, utwange mwenyewe kwenye kinu kidogo, uchekeche. Wa unga uliokaa dukani umeshapoteza harufu, utatia vijiko vinne na bado husikii kitu. Ule wa Zanzibar na wa Usambara upande wa Muheza una magamba membamba yaliyojikunja kwa tabaka nyingi na unavunjika kwa vidole. Ule mwingine gamba lake ni nene, gumu, limejikunja mara moja tu. Ni mkali na una kumarini nyingi zaidi, kitu ambacho kikizidi kila siku si kizuri kwa ini. Kwa mkate wa wikiendi haina shida, ila kwa anayekunywa chai ya mdalasini asubuhi na jioni ni vizuri ajue ananunua upi.

Moto nauandika kwenye posti inayofuata, maana unataka nafasi yake.

Mama Mizinga

Haya, moto.

Tafuta sufuria kubwa nene yenye mfuniko bapa, ile inayoweza kubeba makaa juu. Ndani yake tandaza mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa vidole viwili, na juu ya mchanga weka vijiwe vitatu vya kubebea tini. Mchanga unatunza joto na kuligawa sawasawa, chini hapaungui. Funika, palia makaa chini na juu, acha sufuria ipate moto kama robo saa kabla ya kuingiza tini. Rojo la beking pauda halitaki kusubiri joto. Likae tini wakati sufuria tayari ina moto.

Kujua kama moto umefika, weka kipande cha karatasi nyeupe juu ya vijiwe, funika dakika tano. Ikitoka rangi ya kahawia nyepesi, ingiza tini. Ikiwa nyeusi punguza makaa, ikibaki nyeupe ongeza. Kwa wenye oveni, joto ni nyuzi 165 hadi 170. Mkate wa sukari tupu unaokwa kwa 180, lakini asali inaungua haraka kuliko sukari, kwa hiyo tunashusha.

Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Mimi naweka theluthi mbili juu, theluthi moja chini, na ya juu nayapanga pembeni kwa duara, katikati ya mfuniko naacha wazi. Katikati ya mkate ndipo panapopanda, panaukaribia mfuniko, ukipanga makaa hapo patakuwa peusi wakati pembeni bado peupe.

Kiangazi hiki cha upepo, jiko liweke nyuma ya ukuta. Upepo wa Tabora wa mwezi wa saba na wa nane unachochea upande mmoja tu, mkate unatoka nusu umeungua nusu mbichi. Hata nyuma ya ukuta, izungushe sufuria robo mzunguko kila baada ya muda. Na tafadhali sana, jiko likae nje au mahali penye hewa. Moshi wa mkaa usiouona ndio unaoua, msiokee chumbani mlango umefungwa.

Usifunue kabla ya dakika 40. Jumla inachukua kati ya saa moja na saa moja na dakika kumi hivi. Ikikaribia, tega sikio kabla hujachomeka kijiti: mkate ambao haujaiva unachemka ndani, utasikia unatoa sauti ya tss tss kama kitu kinakaangwa mbali. Unavyoiva sauti inapungua, na kingo zinaachana na tini. Hapo ndipo uchomeke kijiti katikati kabisa. Kikitoka na unyevu wa tufaha si kitu, kikitoka na rojo jeupe rudishia mfuniko.

Ukipasuka juu kwa urefu msihangaike. Ganda linatangulia kukauka wakati katikati bado pananyanyuka, lazima pafunguke. Mimi mkate wa namna hiyo usiopasuka ndio ninaoutilia shaka.

Karibuni kwa maswali.

GongoniTBR

Dada Mizinga ubarikiwe, uzi wa maana huu. Swali: ni lazima asali? Na kama ni lazima, ipi? Pale sokoni kuna nyeusi, kuna nyekundu, kuna ile nyeupe inayoganda, na kila muuzaji anasema yake ndiyo ya porini.

Mama Mizinga

Ahsante mkuu. Si lazima. Ukitaka sukari tupu, weka gramu 180 badala ya asali na sukari vyote, toa baikaboneti, na uongeze beking pauda ifike vijiko viwili vya chai. Baikaboneti imewekwa kwa sababu asali ina asidi, zinakutana na kutoa hewa. Bila asali, asidi ya tufaha peke yake ni ndogo, mkate utabaki na ladha ya sabuni.

Lakini jamani, tunaishi Tabora! Sikonge, Urambo, Kaliua, Uyui, kote huko misitu ya miombo, watu wanatundika mizinga tangu enzi za mababu, na chuo cha ufugaji nyuki kiko hapahapa mjini. Mtu kuoka kwa sukari ya dukani huku asali iko mlangoni, mimi sielewi.

Ipi? Kwa mkate huu chukua ile ya rangi ya kahawia nyepesi, ya maua ya miti ya miombo kama mtundu au muba, isiyo na harufu ya moshi. Nusa kwanza. Asali iliyorinwa kwa moto mkubwa inabeba moshi, na moshi huo hautoki jikoni, utaukuta kwenye slesi. Nyeusi sana ni nzuri kwa dawa ya kifua na kwa kulia ugali wa muhogo, lakini hapa itafunika tufaha na mdalasini vyote viwili. Iliyoganda haijaharibika, weka chupa kwenye maji ya moto kiasi, itayeyuka.

Fundi Keki

Naomba nitofautiane kidogo na mtoa mada. Mimi naoka kwa oveni, na tufaha la kukwaruza lazima nilikamue kwa kitambaa kabla ya kulitia. Kama tatizo ni maji kama unavyosema, kwa nini unayaacha?

Mama Mizinga

Swali zuri fundi. Kwa sababu harufu na ukali wa tufaha viko kwenye yale maji. Ukiyakamua unabaki na makapi, halafu unalazimika kutia maziwa ili rojo lilainike. Umetoa maji yenye ladha ukarudisha yasiyo na ladha. Mimi nimekata maziwa ili maji ya tufaha yapate nafasi.

Ila ninakubali kuna matufaha yana maji kupita kiasi. Hayo usiyakamue, yapitishe motoni. Weka vipande na lile la kukwaruza kwenye sufuria ndogo na nusu ya mdalasini wako, moto mdogo, dakika tano hadi saba bila kufunika, ukigeuza. Maji yanapungua, ladha inabaki, na mdalasini ukipata joto mapema harufu yake inafunguka. Poza kabisa kabla ya kuchanganya na mayai.

Fundi Keki

Hilo la kupitisha motoni nimelielewa, nitajaribu. Kwenye kukamua bado hujanishawishi dada yangu, wateja wangu wamezoea mkate mkavu kidogo.

Mama Mizinga

Mteja ndiye mwenye pesa yake, hapo sikupingi. Ila mpe huu mmoja aonje.

Mwanga Kigoma

Shikamoo Mama Mizinga, shikamooni wote. Mimi nipo Kigoma, Mwanga. Huku matufaha ni ghali jamani, mtu ananunua moja la mgonjwa. Halafu mafuta yetu ni mawese. Nifanyeje?

Mama Mizinga

Marahaba mwanangu. Mawese mekundu kama yalivyotoka kwenye chikichi usiyatie hapa. Ni mafuta mazuri, kwenye maharage na samaki sina la kuongeza, lakini yana ladha nzito na yatageuza mkate rangi ya chungwa. Pia yakipoa yanaganda nusu, mkate ukilala unakuwa mzito mdomoni. Tumia alizeti. Kama ni lazima mawese, basi yale yaliyosafishwa yasiyo na rangi wala harufu.

Tufaha: punguza hadi moja, lote likate vipande, na nafasi ya lile la kukwaruza weka embe lililoanza kuiva, bado gumu, lenye ukali. Embe la namna hiyo linafanana na tufaha la kijani kwa ukali na kwa kushikilia umbo lake motoni. Msimu wa maembe ukifika, kuanzia Novemba, unaweza kutumia embe peke yake na mdalasini uleule, hutajuta. Ila lisiwe limeiva sana, hapo ni maji matupu, tutarudi kwenye tope.

Ndizi pia inafaa lakini huo unakuwa mkate mwingine kabisa, ndizi inatawala.

Kijana wa Ipuli

Mama, mimi nimezoea hamira. Naweza kuufanya kwa hamira kama mkate wa kawaida?

Mama Mizinga

Unaweza mwanangu, lakini vipimo vyote vinabadilika na inakuwa donge la kukanda, si rojo. Jambo moja la kukumbuka: mdalasini mwingi unazuia hamira. Ile kemikali inayoupa harufu ndiyo hiyohiyo inayowadhoofisha wadudu wa hamira, donge linagoma kuumuka, mtu anailaumu hamira ya dukani. Njia yake ni kukanda donge tupu, liumuke, ulisukume liwe bapa, upake siagi, unyunyize mdalasini na sukari na vipande vya tufaha vilivyopitishwa motoni, kisha ukunje kama mkeka na uweke kwenye tini. Mdalasini unakaa kwenye mikunjo, hauingii ndani ya donge. Nikipata nafasi nitaufungulia uzi wake.

Mama Watoto Ng'ambo

Nimepika leo mchana, umetoka mzuri sana, watoto wameushambulia. Nina wa miezi tisa naye ananyoosha mkono, nimempa kidogo. Na mama mkwe ana sukari, nimemwambia huu ni wa asali hauna madhara. Nipo sahihi?

Mama Mizinga

Mdogo wangu, hapana, kwa yote mawili, na ninakuomba ulichukue kwa uzito.

Mtoto asiyefika mwaka mmoja hapewi asali, hata iliyookwa ndani ya mkate. Asali inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinachoitwa botulinamu. Mtu mzima tumbo lake linavimudu, mtoto mchanga bado. Na joto la ndani ya mkate halizidi la maji yanayochemka, mbegu hizo haziuliwi na joto hilo. Mara nyingi hapatokei kitu, lakini ukimwona amefunga choo, amelegea shingo, ananyonya kwa shida au kilio kimekuwa dhaifu, mpeleke hospitali bila kusubiri na uwaambie amekula asali. Kwa wa umri wake oka kwa njia ya sukari niliyomwandikia GongoniTBR, na hata hiyo iwe ya kuonja tu.

Mama mkwe: asali ni sukari. Inapandisha sukari ya mwilini kama ile nyingine, na unga wa ngano unaongezea. Aulize kliniki yake kiasi gani anaruhusiwa, slesi moja nyembamba pengine, lakini asiule akidhani ni dawa. Mimi ni mpenzi wa asali kuliko watu wengi humu na bado siwezi kulisema hilo.

Mama Watoto Ng'ambo

Nimekuelewa dada, nashukuru sana. Mtoto alilamba tu, nitamwangalia kwa karibu. Mkwe nitamwambia mwenyewe.

Mwanga Kigoma

Mama samahani kwa kukusumbua, la mwisho. Dada yangu yupo Tabora, nataka anunue kwako anitumie kwa treni. Utafika Kigoma ukiwa mzima?

Mama Mizinga

Hunisumbui. Utafika, tena mkate huu siku ya pili ni mtamu kuliko siku ya kwanza, mdalasini na asali vinakuwa vimeingia vizuri. Shida si treni, shida ni kufunga.

Ukitoka motoni unakaa kwenye tini dakika kumi hadi kumi na tano, kisha unatolewa na kuwekwa juu ya wavu au vijiti viwili hewa ipite chini. Upoe kabisa, hata saa tatu. Ukifungwa kwenye mfuko wa plastiki ukiwa vuguvugu, mvuke unageuka maji ndani ya mfuko, na ukungu unaanza kesho yake. Baada ya kupoa unavikwa karatasi ya kuokea, halafu foili, halafu boksi gumu usikandamizwe na mizigo. Usikatwe slesi huku, ukatwe huko huko ukifika.

Nje ya friji kwa joto letu unakaa siku mbili, tatu ukiwa na bahati na mahali pa baridi. Kwenye friji siku tano au sita, unapasha slesi kwenye kikaango kikavu. Kwa Kigoma, mwambie dada aje auchukue jioni siku hiyohiyo ya safari, nitakuwa nimeuoka asubuhi. Anitumie ujumbe siku mbili kabla, nitafute matufaha ya kijani.